Roki laini na roki ya asili: maswali tunayoulizwa sana hapa Dodoma

Maswali haya yametoka kwa watu tunaosikiliza nao muziki hapa mjini: wanafunzi wa UDOM, watumishi waliohamia na wizara zao, wauzaji wa soko la Majengo, walimu wa kwaya. Tumeanza na ya msingi. Pale jibu moja linapogusa jingine tumeelekeza tu, hatujarudia.

## Mambo ya msingi

Roki laini ni nini, na roki ya asili ni nini?

Roki ya asili ilizaliwa pale waimbaji wa nyimbo za jadi za Marekani na Uingereza, waliozoea gitaa kavu na hadithi ndefu, walipoingiza gitaa la umeme, besi na dramu. Mwaka wa kukumbuka ni 1965. The Byrds waliuchukua wimbo wa Bob Dylan, "Mr. Tambourine Man", wakaupiga kwa gitaa la umeme la nyuzi 12. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo Dylan mwenyewe alipanda jukwaa la tamasha la nyimbo za jadi la Newport, Marekani, na bendi ya umeme, na baadhi ya waliohudhuria wakamzomea.

Mfano mzuri kuliko yote ni "The Sound of Silence" ya Simon na Garfunkel. Waliirekodi 1964 kwa gitaa kavu, albamu haikuuzika, wakaachana. Prodyuza Tom Wilson akaurudia mkanda uleule, akaongeza gitaa la umeme, besi na dramu bila wao kujua. Januari 1966 wimbo ukashika namba moja Marekani. Sikiliza matoleo yote mawili, moja baada ya jingine. Utaisikia roki ya asili ikizaliwa.

Roki laini ilishika kasi miaka ya 1970. Dramu zimepunguzwa, gitaa haliungurumi, kinanda kimesogea mbele na sauti ya mwimbaji iko karibu na sikio. Hapo ndipo walipo Bread, Carpenters, America, Eagles wa mwanzo, Fleetwood Mac wa 1975 na kuendelea, na Air Supply. Wengine kama James Taylor wako pande zote mbili.

Kumbe ni zile bluzi za mwisho wa disko?

Kwa sehemu. Air Supply, Chris de Burgh na Lionel Richie wengi wetu tuliwajua hivyo, taa zikipunguzwa na watu wakitafuta wa kucheza naye. Lakini muziki huu ni mpana kuliko mapenzi. "Ohio" ya Crosby, Stills, Nash & Young inaomboleza wanafunzi 4 waliopigwa risasi na askari kwenye Chuo Kikuu cha Kent State tarehe 4 Mei 1970. Neil Young aliiandika siku chache baada ya tukio, na ikatoka mwezi uliofuata. Huo si wimbo wa kucheza umekumbatiana.

Kenny Rogers, Don Williams na Jim Reeves mnawaweka wapi?

Hili ndilo swali linaloongoza, hasa kutoka kwa wazee wetu wa Kondoa na Mpwapwa, na tunaliheshimu. Watatu hao ni waimbaji wa kantri. Wawili kati yao, hata hivyo, walipitia upande huu kwanza. Kenny Rogers alijiunga na The New Christy Minstrels, kundi la nyimbo za jadi, mwaka 1966. Mwaka uliofuata akatoka na wenzake na kuunda The First Edition. "The Gambler" ilikuja baadaye sana, 1978, na "Lady" ya 1980 alitungiwa na Lionel Richie, kibao cha roki laini kwa kipimo chochote. Don Williams naye alianzia Pozo-Seco Singers, kundi la sauti tatu la miaka ya 1960, na ule upole wa kuimba kama mtu anayezungumza na jirani aliutoa huko. Barani kwetu alipendwa kweli: mwaka 1997 alipiga Harare na onyesho hilo likarekodiwa.

Jim Reeves yuko nje ya mipaka yetu. Alifariki kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, kabla roki ya asili haijaanza. Tunampiga hata hivyo, kwa sababu mtu akiuliza sauti iliyotulia inafananaje, yeye ni jibu.

## Pa kuanzia

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na nani?

Anza na sauti, magitaa yatafuata. Kama umewahi kuimba kwaya, na hapa Dodoma ni nadra kumkosa aliyewahi, sikio lako limeshaandaliwa: unajua sauti ya kwanza inapopanda na ya nne inapobaki chini kushikilia. Chukua albamu ya kwanza ya Crosby, Stills & Nash ya 1969 ufuatilie sauti tatu zinavyopishana bila kugongana. Kisha nenda kwa Carpenters. Karen Carpenter alikuwa na sauti nzito ya chini ambayo wanawake wengi wa pop hawakuithubutu, na yeye na kaka yake Richard walijirekodi tabaka juu ya tabaka mpaka watu wawili wakasikika kama kwaya. Wengi hawajui kwamba alianza kama mpiga dramu. Alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32.

Ukimaliza hapo, ingia kwa mtu mmoja na gitaa lake: "Sweet Baby James" ya James Taylor (1970), "Tapestry" ya Carole King (1971, yeye na kinanda), na "Blue" ya Joni Mitchell (1971). "Blue" ina dakika 36 hivi. Ukiiwasha basi la Singida likitoka stendi, itaisha kabla hujafika Bahi. Usiiruke wimbo hata mmoja. Joni aliugua polio utotoni na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu, ndiyo maana alituni gitaa kwa namna zake mwenyewe ili vidole visihangaike. Mlio ule usiofanana na wa mtu mwingine umetoka kwenye udhaifu huo.

Dylan mwache kwanza. Ni mkubwa, na Nobel ya Fasihi ya 2016 alistahili, lakini sauti yake inawafukuza wageni wengi. Utamrudia mwenyewe.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitafaidi?

Utafaidi. Watanzania wamecheza Kilingala cha Franco miaka na miaka bila kamusi. Ila ni kweli kwamba huu ni muziki wa maneno, kwa hiyo chagua wanaotamka taratibu: John Denver, Don Williams, Karen Carpenter, Art Garfunkel. Sikiliza mara ya kwanza bila kusoma, mara ya pili ukiwa na mashairi mbele yako. Walimu wawili watatu wa sekondari wametuambia wanawafundishia wanafunzi kwa "Take Me Home, Country Roads", na hatushangai: mwanakijiji aliyehamia mjini haelezwi mara mbili kinachoimbwa mle.

Huu si muziki wa Wazungu?

Hapana, na tutalijibu kwa kirefu kwa sababu linaulizwa na vijana wengi wanaoupenda kisha wakaona haya.

Elizabeth Cotten, mwanamke mweusi wa North Carolina, alitunga "Freight Train" akiwa bado mtoto. Alikuwa wa mashoto, akaligeuza gitaa juu chini na kulipiga hivyohivyo: kidole gumba kwenye nyuzi nyembamba, vidole vingine kwenye besi. Alifanya kazi za nyumbani kwa watu mpaka uzee wake ndipo dunia ikamsikia, na upigaji wake ukaigwa na wapiga gitaa wengi wa roki ya asili. Richie Havens ndiye aliyefungua tamasha la Woodstock tarehe 15 Agosti 1969; nyimbo zikamwishia jukwaani kwa sababu waliofuata walichelewa, akabuni "Freedom" palepale mbele ya umati. Bill Withers alituachia "Lean on Me" (1972). Joan Armatrading, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Kitts aliyekulia Birmingham, Uingereza, alitoa "Love and Affection" mwaka 1976.

Na Kiswahili kimo ndani ya historia hii. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha Kongo na kupiga gitaa kavu kwa vidole viwili kama watu watatu, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na akaalikwa Newport mwaka 1969, jukwaa lilelile la Dylan. "Malaika" iliimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, na Joan Baez aliichukua katika maonyesho yake. Kwa hiyo ukikaa Chang'ombe na gitaa kavu, ukaimba hadithi yako, hujaazima kitu cha mtu.

Ninyi wenyewe mnampenda nani kuliko wote?

Tracy Chapman. Tumebishana sana, tukaishia kwake kila mara.

Albamu yake ya kwanza ilitoka 1988. Juni 11 mwaka huo, kwenye tamasha la Wembley la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, aliyekuwa bado gerezani, Chapman alikuwa ameshaimba zamu yake mchana. Vyombo vya Stevie Wonder vikapata hitilafu, pengo likatokea, akasukumwa jukwaani tena na gitaa lake tu. Akapiga "Fast Car" mbele ya uwanja mzima na mamilioni ya watazamaji wa televisheni. Baada ya usiku ule hakuwa mtu asiyejulikana tena.

Tunachompendea ni jinsi asivyopiga kelele. "Fast Car" ni simulizi ya msichana aliyeacha shule kumuuguza baba mlevi, akafanya kazi dukani, akangoja maisha yanyooke, na hayakunyooka. Tunawafahamu wasichana hao; wako kwenye nyumba za kupanga za Nkuhungu. Mwaka 2023 mwimbaji wa kantri Luke Combs aliurudia na Chapman akawa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha kantri cha Marekani, CMA, miaka 35 baada ya kuutoa.

## Wasanii wanaoulizwa sana

Cat Stevens na Yusuf Islam ni mtu mmoja?

Ndiyo. Alizaliwa London mwaka 1948, baba Mgiriki wa Cyprus, mama Mswidi. Albamu "Tea for the Tillerman" ilitoka 1970. Alisilimu 1977, akachukua jina la Yusuf Islam, akaacha muziki wa pop kwa zaidi ya miaka 20, kisha akarudi na albamu mwaka 2006. Nyimbo za vipindi vyote viwili zinasikilizika pamoja bila kugongana.

Ni kweli Fleetwood Mac walikuwa wakijibizana kwenye nyimbo?

Ni kweli. Wakati wa kurekodi "Rumours" (1977) Stevie Nicks na Lindsey Buckingham walikuwa wanaachana, Christine na John McVie wameshaachana, na ndoa ya mpiga dramu Mick Fleetwood nayo inavunjika. Buckingham akaandika "Go Your Own Way", Nicks akaandika "Dreams", na kila mmoja alilazimika kumwitikia mwenzake kwenye kipaza sauti. Albamu imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Vijana wengi wameijulia kwenye TikTok, ambako "Dreams" ilivuma upya mwaka 2020. Tunawakumbusha wasimsahau Christine McVie, aliyefariki 2022: "Songbird" ni yeye na kinanda.

Paul Simon si alivunja vikwazo dhidi ya makaburu?

Swali hili linatoka zaidi Kongwa, na wana haki ya kuliuliza: pale palikuwa na kambi za wapigania uhuru tangu 1964, za FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine, na wazee wanawakumbuka.

Simon alikwenda Johannesburg mwaka 1985 kurekodi na wanamuziki wa huko wakati Umoja wa Mataifa ukiwataka wasanii wasiende. Hakuomba ridhaa ya ANC. "Graceland" ikatoka 1986, na Ladysmith Black Mambazo ya Joseph Shabalala ikajulikana dunia nzima. Waliomlaumu walisema msusio hauna maana kama kila mtu anajipa ruhusa. Waliomtetea walisema hakuwaimbia makaburu, aliwalipa vizuri wanamuziki weusi, na Hugh Masekela na Miriam Makeba, wote wakimbizi wa utawala ule, walipanda naye jukwaani Harare mwaka 1987.

Msimamo wetu: alipaswa kuuliza kwanza, na albamu ni nzuri mno. Yote mawili ni kweli. Anayependa kwaya asikilize "Homeless", imeimbwa kwa Kizulu na Kiingereza bila ala hata moja.

Freddie Mercury ni mzaliwa wa Zanzibar. Je, Queen wamo humu?

Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia ilihamia Uingereza 1964. Queen ni roki nzito. Lakini albamu yao ya 1975, "A Night at the Opera", ina nyimbo mbili tunazozipiga: "Love of My Life", na "'39", ambayo ni roki ya asili kabisa, ila huyo anayeimba ni mpiga gitaa Brian May.

Wimbo wa Toto unaitaja Kilimanjaro na Serengeti. Waliwahi kufika?

David Paich aliyeutunga "Africa" pamoja na Jeff Porcaro hakuwa amefika bara hili. Inaonekana: kutoka katikati ya Serengeti mpaka Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 200, mlima hausimami juu ya mbuga ile kama wimbo unavyodai. Wimbo wenyewe wa 1982 umepangwa kwa ufundi mkubwa, na kiitikio chake hatujawahi kuona mtu akikaa kimya nacho.

## Huku kwetu

Kuna mtu wa Ugogoni aliyefanya kitu cha aina hii?

Hukwe Zawose, na ukubwa wake haupungui kwa wote tuliowataja. Mgogo wa mkoa huu, aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo, alifariki Desemba 2003. Alipiga ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze, akaimba kwa sauti inayotoka chini kabisa hadi juu kabisa. Albamu "Chibite" ilitoka kwa Real World, studio na lebo ya Peter Gabriel, na "Assembly" ya 2002 aliifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Hapo ndipo utamaduni wa Kigogo na gitaa la umeme vilikaa meza moja. Familia imeendelea: Msafiri Zawose alitoa "Uhamiaji" mwaka 2017, na Pendo na Leah, The Zawose Queens, walitoa "Maisha" mwaka 2024. Ukitaka kuona chemchemi yenyewe, wasikilize akina mama wa Chamwino wakipiga ngoma ya muheme na kuimba sauti zilizopangana.

Naweza kupiga gitaa pamoja na ilimba?

Unaweza, ila tuni gitaa lifuate ilimba, usifanye kinyume. Kusogeza vyuma vya ilimba ndani au nje ni kazi ya subira, wakati koki ya gitaa unaizungusha tu. Ngazi ya sauti ya Kigogo hufuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi unaotetema, na mojawapo iko chini ya ile ya kinanda kwa takribani theluthi ya nusu toni. Kosa la wengi ni kuipigia kodi nzima (sauti kadhaa za gitaa kwa pamoja), halafu mlio unagombana. Tumia nyuzi wazi (zisizobanwa kwa kidole), piga uzi mmoja mmoja, na pale panapogombana acha nafasi, ilimba ijaze.

Nimenunua gitaa. Nianze na nyimbo zipi, na mbona mbao zimepasuka?

"A Horse with No Name" ina kodi mbili tu mwanzo hadi mwisho. "Heart of Gold" na "Country Roads" zinafuata.

Kuhusu kupasuka: gitaa la mbao hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na kiangazi cha Dodoma kiko mbali na hapo. Kati ya Mei na Novemba usiliache ukutani. Liweke kwenye mfuko wake pamoja na sponji yenye unyevu ndani ya kisanduku chenye matundu, isiguse mbao. Usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani. Na gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usilifunge nyuzi za chuma, shingo itapinda.

Bando langu dogo. Nasikilizaje?

Kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja inakula kama MB 43. Kwa 320 inafika MB 144. Kwa spika ya simu hutasikia tofauti, shusha ubora. Pakua albamu nzima ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ofisini.

## Maswali ya pembeni

"A Horse with No Name" si ya Neil Young?

Ni ya America, vijana watatu waliokutana London, watoto wa wanajeshi wa anga wa Marekani. Sauti inafanana kweli, na mwaka 1972 wimbo huo ndio ulioing'oa "Heart of Gold" ya Young kwenye namba moja.

Nina mgahawa. Naruhusiwa kupiga nyimbo hizi kwa wateja?

Kupiga hadharani kwenye biashara kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hata kama umenunua nakala halali. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuhusu kibali kabla hujafunga sabufa.

Wimbo gani unafaa harusini, na upi haufai?

"I Will Always Love You" haufai. Dolly Parton aliuandika kumuaga Porter Wagoner alipokuwa anaacha kufanya naye kazi. Ni wimbo wa kuondoka. "Lucille" ya Kenny Rogers inahusu mke aliyemwacha mume na watoto wanne wakati wa mavuno, na bado tumeisikia ukumbini keki ikikatwa. "Dreams" sababu tumezieleza kwenye jibu la Fleetwood Mac.

Zinazofaa: "Annie's Song" ya John Denver (1974), aliyomwandikia mkewe. "The Wedding Song" ya Paul Stookey, aliyeitunga kwa ajili ya harusi ya mwenzake wa Peter, Paul and Mary, Peter Yarrow, mwaka 1969. "We've Only Just Begun" ya Carpenters ilianza kama tangazo la benki, lakini maneno yake yanawafaa maharusi. Mpe DJ faili lenyewe kwenye fleshi siku mbili kabla, umwandikie jina la wimbo na dakika ya kuuanza, maana akiutafuta mtandaoni usiku uleule atapiga toleo la kwanza atakaloliona.